Baraza la Wenye Pumzi Fupi

Mgonjwa wa mapafu anayeonwa na daktari mara nne kwa mwaka, robo saa kila mara, hupata katika mwaka mzima saa moja tu ya tabibu wake. Saa 8,759 zilizobaki hukaa na maradhi yake mwenyewe, jikoni na ngazini, sokoni na msikitini, na usiku wa manane ambapo pumzi humkatika na watu wa nyumbani wamelala. Sisemi hivi kwa kumlaumu daktari, maana foleni iliyo nje ya mlango wake haikupangwa naye. Nasema ili ibainike kwamba katika maradhi yasiyopona wala yasiyoua kwa haraka, mtunzaji mkuu ni mwenye mwili mwenyewe, apende asipende, awe amefundishwa kazi hiyo au hakufundishwa. Wengi hawakufundishwa. Walipewa pampu, wakapewa vidonge, wakaambiwa waache sigara na warudi baada ya miezi mitatu. Nasaha ninazotaka kutoa hapa ni juu ya njia moja ya kuyapata maarifa hayo yaliyokosekana, nayo ni wagonjwa wa maradhi hayo kukutana na daktari wao kwa pamoja, kikao kimoja, katika siku ya kliniki iliyotengwa kwa ajili yao.

Kwanza tujue tunazungumzia maradhi gani, kwa sababu kwetu kila ambaye kifua chake kinapiga mluzi huambiwa ana pumu. Pumu huja na kwenda, aghalabu huanza utotoni, na baina ya shambulio moja na jingine mtu huweza kuwa mzima kabisa. Maradhi sugu ya mapafu ni kadhia nyingine: njia za hewa huwa zimevimba na kupungua upana kwa taathira ya miaka mingi ya moshi au vumbi, vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwishoni mwake huharibika kuta na kulegea, na hewa iliyovutwa ndani hushindwa kutoka yote kabla ya pumzi nyingine kuingia. Ndiyo maana mgonjwa huhisi kifua kimejaa na huku anatweta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa maradhi haya yaliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba miongoni mwa wanaokufa kwayo kabla ya kutimiza miaka 70, karibu tisa katika kila kumi ni watu wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Katika nchi zetu sigara haibebi lawama peke yake. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwakuta na maradhi haya watu takriban 16 katika kila mia miongoni mwa waliozidi umri wa miaka 30, na karibu wote waliochunguzwa waliishi na moshi wa kuni. Waongezwe hapo waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu ndani, na waliotumikia vumbi la katani, la saruji na la machimbo. Kipimo cha kuyathibitisha ni kupuliza kwa nguvu katika mashine: ikiwa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote inayotolewa, hata baada ya mgonjwa kuvuta dawa ya kupanua njia, basi njia zimeziba. Asiyepimwa hivyo aombe apimwe, na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe na kifua kikuu kabla ya kuketi na wenzake katika chumba kimoja.

Kuwakusanya wagonjwa wa kifua si uzushi wa jana. Mwaka 1905, huko Boston, Marekani, tabibu aliyeitwa Joseph Pratt aliona jinsi maskini wenye kifua kikuu walivyokosa njia ya kwenda kupumzika katika hospitali za mbali walizokwenda wenye mali, na zama zile hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo, kwani streptomaisini haikugunduliwa mpaka mwaka 1943. Kwa msaada wa kanisa moja la mji ule akaanzisha darasa lililokutana kila wiki. Kila mgonjwa aliandika katika daftari joto la mwili wake, chakula alichokula, na saa alizopumzika katika hewa ya wazi, na muuguzi akawafuata majumbani kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yanayotendeka. Pratt alidhani anapata nafuu ya kufundisha wengi kwa mara moja. Akaja kuona kuwa wagonjwa wale, wa asili na dini mbalimbali, walitiana moyo kwa namna ambayo yeye, kwa elimu yake yote, hakuweza kuwatia. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Kaiser Permanente, Colorado na California, waliifufua njia hiyo kwa wazee na kwa wenye maradhi sugu. Katika Kenya ya magharibi, mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret umeitumia kwa wenye shinikizo la damu na kisukari, ukaiambatanisha na vikundi vya kuweka na kukopa. Na katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu mabovu walikusanywa mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki sita, wakafanyishwa mazoezi na kufundishwa, na mwisho wake mwendo wao wa miguu na hali zao za maisha vikaonekana kuwa bora kuliko mwanzo.

Sasa tuingie ndani ya kikao chenyewe. Kikao kilichopangwa vizuri huwa cha watu wanane hadi kumi na watano, nacho huchukua saa moja na nusu au mbili. Wanapoingia, muuguzi huwaamkia kwa heshima ya umri wao, humpima kila mmoja uzito, mapigo ya moyo, na kiasi cha oksijeni katika damu kwa kile kibanio cha kidoleni, na humwuliza kwa sauti ya chini habari za makohozi na usingizi. Kisha watu huketi kwa duara, daktari akiwa miongoni mwao wala si mbele yao, na jambo la kila mgonjwa hushughulikiwa hadharani kwa idhini yake: huyu dawa yake imebadilishwa kwa sababu gani, yule mbona amepungua kilo nne. Muradi wote wa baraza upo hapa. Katika chumba cha daktari mgonjwa huulizwa kama anatumia dawa, naye hujibu kuwa anatumia, kwa sababu ni adabu kujibu hivyo na kwa sababu anataka kwenda zake. Barazani, mmoja akisema mbele ya watu kwamba pampu yake huiweka kwa siku za dhiki tu kwa kuwa bei yake ni kubwa, au kwamba aliiacha alipoambiwa na jirani kuwa anayeanza pampu amekwisha, wawili watatu wengine hukiri kuwa nao hufanya hivyo hivyo, na daktari akayasikia katika dakika kumi mambo ambayo hakuyasikia kwa miaka.

Kwa hiyo hadhari ya kwanza ninayompa msomaji ni kutolichanganya baraza na hotuba. Akiitwa kliniki ya pamoja akakuta kijana mmoja amesimama anasoma maneno ukutani, na wazee wamekaa safu safu wanasinzia, na mwisho wake kila mtu akapewa karatasi na kuondoka bila ya kupimwa wala kuulizwa, hakuhudhuria kliniki. Amehudhuria darasa, na darasa la aina hiyo sioni faida yake kubwa. Kliniki ya pamoja ni matibabu. Ndani yake dawa huandikwa, vipimo huagizwa, na yeyote mwenye neno la siri hupewa dakika zake na daktari nyuma ya mlango au nyuma ya pazia. Penye upungufu wa faragha hiyo, mgonjwa ana haki ya kuidai, na wanawake hasa waidai, maana kifua hakisikilizwi vizuri juu ya kanga mbili na baibui, wala si stahili ya mtu kufunuliwa mbele ya wageni.

Hapo pana jambo jingine la desturi zetu ambalo wageni waliobuni utaratibu huu hawakulazimika kulifikiri. Baraza zetu zina tabaka zake: mzee wa kiume hunena kwanza, na hunena kwa kirefu, mkwe hamkatizi mama mkwe, na binti aliyeleta babu yake hukaa kimya ilhali yeye ndiye ajuaye kuwa babu bado anavuta sigara nyuma ya choo. Kiongozi wa kikao mwenye busara hampingi mzee, ila huanza kwa kuuliza habari za jikoni, nani anapikia nini na dirisha liko wapi, kwa sababu katika mlango huo hakuna mzee wa kiume awezaye kutangulia kujibu, na wanawake wakishaanza kusema, mazungumzo hayarudi tena mikononi mwa mtu mmoja.

Mgonjwa aende na nini? Aende na dawa zake zote, hata zile alizonunua dukani bila ya cheti na zile za mitishamba, zikiwa katika mfuko mmoja; aende na daftari; aende na mtu mmoja anayekaa naye nyumba moja; na zaidi ya vyote aende na pampu yake mwenyewe, maana katika mambo yote ambayo baraza huweza kuyasahihisha, hakuna linalosahihishwa upesi na kwa faida ya papo hapo kuliko hili. Watu wengi mno hutumia pampu kwa makosa. Kuna anayesahau kuitikisa, na anayebonyeza kabla ya kuanza kuvuta hewa hata dawa yote ikabaki ulimini, na anayevuta kwa kishindo akaitoa mara moja. Namna iliyo sawa ni kuitikisa, kutoa pumzi taratibu hadi mwisho, kuufumba mdomo juu ya tundu la pampu, kubonyeza mara moja wakati ule ule wa kuanza kuvuta, kuvuta polepole na kwa kina, kuizuia pumzi kwa hesabu ya hadi kumi, na kungoja nusu dakika au dakika nzima kabla ya kurudia ikiwa daktari ameagiza mara mbili. Ikiwa dawa ni ya jamii ya steroidi, mtu asukutue kinywa na kuyatema maji, asije akaota utando mweupe mdomoni.

Anayeshindwa kupatanisha kidole na pumzi, na wazee wengi hushindwa, atumie chombo cha kuvutia dawa ambacho huwekwa baina ya pampu na mdomo. Chombo hicho dukani kina bei yake, lakini mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, iliwafaa watoto wenye pumu sawa na chombo cha kiwandani. Kikao kimoja cha kutengeneza chupa hizo, kila mtu na yake, huwafaa wagonjwa kuliko hotuba tatu. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila ya kusuguliwa kwa kitambaa. Fauka ya hayo, mgonjwa ajue hesabu ya dawa yake: pampu ya salbutamoli aghalabu ina mibonyezo 200, basi anayebonyeza mara nane kwa siku imemalizika siku ya 25, hata kama bado inatoa upepo na bado ina sauti. Wengi hubonyeza upepo kwa wiki nzima wakidhani maradhi yamezidi. Nalo suala la mwezi wa Ramadhani lisingoje mwezi uandame. Maulamaa wametofautiana kama pampu hufunguza au haifunguzi, na yupo mgonjwa anayeiacha kwa siku zote thelathini kwa kuogopa kuuliza. Baraza la Shaabani ni mahali pazuri pa kumwalika shekhe aketi na daktari, waulizwe wote wawili mbele ya watu.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo nataka msomaji alitie maanani kuliko mengine, nalo ni mwendo. Mtu mwenye pumzi fupi huogopa kutweta. Kwa kuogopa kutweta hukaa. Kwa kukaa, misuli ya mapaja yake hunyauka. Na misuli iliyonyauka hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ndogo, hivyo kesho yake hutweta kwa hatua chache kuliko za jana, na huogopa zaidi. Katika nyumba zetu mduara huo husukumwa na mapenzi. Heshima ya mzee kwetu hupimwa kwa kadiri anavyozuiwa kuinuka: bibi akitaka maji huletewa, akitaka kivuli kiti chake huhamishwa, akijaribu kufagia ufagio hunyang'anywa kwa maneno matamu, na mwaka haupiti kabla hajawa mtu wa kubebwa kwenda chooni. Wanawe hawakumfanyia ubaya; walimpenda kwa namna inayodhoofisha. Ndiyo sababu nimesema mgonjwa aende na mtu wa nyumbani kwake. Mtu huyo akiwaona wazee wa rika la mama yake wakiinuka vitini na kuketi, wakiinuka na kuketi, kwa dakika nzima, kisha wakapumzika na wasife, ataelewa kwa macho jambo ambalo hatalikubali kwa maneno.

Zoezi lenyewe halihitaji mashine. Kuinuka na kuketi kitini bila ya kujishika ni zoezi na tena ni kipimo, na idadi ya mara mtu awezazo kwa dakika moja huandikwa katika daftari. Kutembea baina ya alama mbili ukumbini kwa dakika sita, na kupima mita alizofika, ni kipimo kingine ambacho hospitali za dunia nzima hukitumia. Nyumbani mtu atembee siku nyingi za wiki, akianza na dakika tano ikiwa ndizo alizonazo, akaongeza kidogo kidogo hadi nusu saa, kwa mwendo wa kumfanya atwete lakini bado aweze kusema maneno machache. Anapotweta, avute hewa kwa pua, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyofinywa, kana kwamba apuliza chai ya moto, na muda wa kutoa uwe mara mbili ya muda wa kuvuta. Kwani tumekwisha kuona kuwa taabu yake ni hewa ya zamani iliyonaswa ndani, na midomo iliyofinywa husaidia njia zisijifunge kabla hewa hiyo haijatoka. Kazi nzito, kama kuinua ndoo au kupanda ngazi, ifanywe wakati wa kutoa pumzi. Pumzi ikikata, aketi ainame mbele kidogo na mikono juu ya magoti. Na ambaye sujudu humkata pumzi, asali kitini; sheria imemruhusu mgonjwa, na haipasi afanye ibada kwa kujidhuru ilhali rukhsa ipo. Lakini kabla ya mazoezi kuanza daktari awe amemsikiliza kila mmoja moyo wake, maana si kila kutweta ni kwa mapafu.

Habari za moshi kila mtu anazijua, na sitazikariri kwa kirefu. Neno la sigara ni kuiacha, yote, na baraza humfaa anayeacha kwa kumpa watu wa kuwapigia simu usiku anapotamani. Kuni zihamishiwe nje au penye madirisha mawili yanayopokezana upepo. Mwenye uwezo wa gesi apikie gesi, na mgonjwa asikae jikoni wakati wa kuwasha moto. Nitasema tu lile lisilosemwa: udi na ubani. Chetezo kinachozungushwa chumbani, nguo zinazofukizwa, na ubani wa usiku wa kisomo, vyote ni moshi, na mapafu hayatofautishi moshi wa harufu nzuri na wa harufu mbaya. Najua kuwa neno hili litawaudhi wengi, na mimi mwenyewe napenda udi. Basi nguo zifukizwe mgonjwa akiwa nje, na arusini aketi penye upepo.

Baada ya pampu na mwendo, kazi kubwa ya baraza ni kumwandalia kila mgonjwa tadbiri ya siku mbaya, iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake kwa maneno yake mwenyewe. Siku za kawaida zinajulikana: anatweta kiasi gani, anakohoa kiasi gani, makohozi yana rangi gani. Ikiwa kwa siku mbili mfululizo kutweta kumezidi, au makohozi yameongezeka, au yamegeuka rangi kuwa ya njano nzito au kijani, hiyo ni hali ya pili, ambayo dawa ya kupanua njia huongezwa kama ilivyoandikwa na kliniki hujulishwa siku ile ile. Baadhi ya wagonjwa hupewa na daktari akiba ya prednisoloni ya siku tano na dawa ya kuua vijidudu, lakini hupewa na daktari anayewajua, si na mwenye duka. Na ikiwa mtu hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, midomo imegeuka buluu, amechanganyikiwa au amelala usingizi usio wa kawaida, anatema damu, au kifua kinamkaza kwa maumivu, hapo hakuna cha kusoma katika daftari: apelekwe hospitali.

Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa kujitunza kuna mpaka, na mpaka huo umeonekana kwa gharama. Mwaka 2003 daktari Jean Bourbeau na wenzake wa Québec, Canada, walitangaza kuwa wagonjwa waliofundishwa kujitunza, na waliokuwa na mtu maalumu wa kuwafuatilia kwa simu, walilazwa kwa kuzidiwa kwa takriban asilimia 40 chini ya wenzao. Mwaka 2012 ukatangazwa uchunguzi mwingine, wa wanajeshi wastaafu 426 wa Marekani, waliogawanywa makundi mawili karibu sawa, moja likafundishwa na kupewa tadbiri ya siku mbaya: huo ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu katika kundi lililofundishwa walikufa 28, na katika lile jingine 10. Sababu haikubainika. Msomaji mwenye akili hatatoka hapo na hitimisho kwamba ujinga ni salama kuliko maarifa, kwani chunguzi nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha faida. Lakini atatoka na hadhari kuwa daftari si daktari, na kwamba mafunzo humleta mgonjwa karibu na tabibu wake, hayampi ruhusa ya kumkimbia. Mimi nisingejiunga na baraza lolote ambalo halina namba ya simu inayopokelewa.

Yapo na mambo ya adabu, nayo nitayapita upesi. Siri za kikao hubaki kikaoni, na ahadi hiyo itolewe kwa kinywa cha kila mmoja, kila mara, hata kama wote ni jirani. Hasa kama wote ni jirani. Asiuze mtu dawa wala asitangaze mganga. Madirisha yawe wazi, na mwenye homa au mafua mapya akae nyumbani apige simu, maana mafua ambayo kwa mjukuu ni ya siku tatu, kwa babu yake huweza kuwa kitanda cha wiki tatu. Kwa sababu hiyo hiyo chanjo ya homa ya mafua na ya nimonia iulizwe kila inapopatikana. Asiyemaliza dozi ya kifua kikuu hana nafasi humo mpaka kliniki yake imruhusu. Tena wapo ambao baraza haliwafai: asiyesikia vizuri akachoka na kelele, mwenye huzuni nzito inayohitaji mtu mmoja wa kuisikiliza, na yule ambaye kwa tabia yake husema kweli pale tu mlango umefungwa. Hao waachiwe njia ya zamani bila ya kuonekana wakaidi.

Na penye kutokuwapo kliniki ya namna hii, ambako ndiko wengi waliko? Isingojwe amri kutoka juu. Wagonjwa watano wanaokutana kila mara katika foleni ile ile wanaweza kumwendea mganga mkuu wa zahanati, pamoja na muuguzi mmoja aliyekubali, wakaomba asubuhi moja ya mwezi. Kinachotakiwa ni chumba chenye hewa, viti visivyo na magurudumu, mizani, saa, kibanio cha kidole, ukumbi wa kutembelea, na daktari kwa saa moja. Daktari huyo kwa saa hiyo angewaona wanne tu, na sasa atawaona kumi. Mara ya kwanza wasitaraji mengi. Watu watakuja kutazama, watasema machache, na nusu yao watadhani wameitwa kugawiwa kitu. Kikao cha kwanza kitosheke na pampu peke yake, cha pili na kiti, na tarehe ya cha tatu itajwe kabla ya watu kuinuka.

Waandikwe majina na simu, na mmoja wao, asiwe muuguzi, apewe kazi ya kuwapigia wasiofika. Katika maradhi haya asiyefika aghalabu si mvivu: nauli imemshinda, au amezidiwa, au ameona haya kwa kuwa amerudia sigara. Basi apigiwe siku ile ile kabla ya jua kuchwa, aulizwe pumzi ikoje, makohozi yakoje, na dawa ipo au imekwisha. Akijibu kwa maneno mawili mawili na kupumzika katikati, anayepiga asiendelee na mazungumzo, amwambie aliye karibu naye atafute gari.